Nimekimbia Mgao Tabora, Mgao Umenikuta Texas

Sikuja Texas kutafuta theluji. Anayetaka theluji aende Minnesota. Kule wana magari ya kuikwangua barabarani, wana mabeleshi kwenye buti la gari, wana makoti ambayo ukishavaa huwezi kukunja kiwiko. Kule nilishapata hadi mtu wa kunipokea, nikakataa kwa adabu. Nikasema mimi mtu wa Tabora, jua ni ndugu yangu, nipelekeni kwenye joto. Ndivyo nilivyotua hapa katikati ya Dallas na Fort Worth, ambako mwezi wa saba usukani wa gari unaunguza viganja. Nikashukuru. Kubeba maboksi ni kubeba maboksi popote pale, lakini kubeba maboksi juu ya barafu, hiyo ni laana ya mzazi.

Kisha ikaja Februari ya 2021.

Ilianza na ile mvua inayoganda ikigusa lami. Alhamisi ya tarehe 11, alfajiri, kwenye barabara kuu ya I-35W pale Fort Worth, magari zaidi ya 130 yalirundikana moja juu ya lingine na watu 6 wakafa. Hapo sina utani, maana hiyo ndiyo saa ambayo sisi watu wa zamu tuko barabarani, macho mekundu, chai mkononi. Msimamizi wetu wa ghala akatutumia ujumbe: "Endesheni kwa uangalifu." Umeona? Hajasema msije. Amesema mje, ila mkifa mfe kwa uangalifu.

Jumapili ya tarehe 14, siku ya wapendanao, ndipo theluji yenyewe ikamwagika. Kaunti zote 254 za Texas zilikuwa chini ya tahadhari, kutoka juu kabisa hadi kule Brownsville mpakani na Meksiko, watu wanaoishi na michungwa na minazi. Watoto wangu walipiga kelele za furaha. Mama watoto akatoka na simu, akanipanga mlangoni nimejifunga kitenge juu ya jaketi mbili, akapiga picha, akazituma Tabora. Mjomba akajibu papo hapo: "Sasa nimeamini uko Ulaya." Kumbe miaka yote hiyo nilivyokuwa namtumia picha za jua kali na vumbi, mzee alikuwa ana uhakika kwamba nimejificha Dodoma.

Ukiwa mgeni wa theluji unagundua kwamba huna kifaa hata kimoja. Jirani yangu alikwangua kioo cha gari kwa kadi ya benki hadi ikakatika, na sijui aliwaelezaje benki. Mimi nilitumia mwiko wa ugali. Mama watoto aliponiona kupitia dirishani hakusema kitu, akaenda kuuficha mwiko wa pili. Tukaenda dukani, mkate hakuna, maziwa hakuna, maji hakuna. Zilibaki ndizi zilizoiva kupita kiasi na chakula cha paka. Foleni ilikuwa inazunguka hadi kwenye nguo za watoto, na kila mtu na barakoa yake, maana korona nayo ilikuwa haijaaga.

Nikasema sawa, tutarudi nyumbani, tutawasha hita, tutalala.

Saa saba na dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumatatu, wasimamizi wa gridi wakaamuru umeme ukatwe. Wakatangaza kwamba ni mgao wa zamu, yaani mtaa wenu unakaa gizani kidogo, halafu giza linahamia mtaa mwingine. Nilipolisikia hilo kwenye simu nilicheka kitandani. Mgao? Mnamtishia nani mgao? Mimi nilikuwepo 2006 mabwawa yalipokauka Tanzania nzima ikawa inapiga pasi usiku wa manane. Nimesomea kwa kibatari mimi. Nikamwambia mama watoto, "Lala, hawa ni wanafunzi, wataurudisha."

Hawakuurudisha.

Asubuhi imefika, hakuna. Mchana, hakuna. Na ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, taa zinawaka! Siyo taa za maana tu. Kuna nyumba pale ilikuwa bado haijashusha mapambo ya Krismasi, basi yanameta mekundu, ya kijani, mekundu, ya kijani, mwezi wa pili, mimi nimekaa gizani nayahesabu. Nikauliza kwa nini zamu haifiki. Nikaelezwa kwamba umeme umepungua mno, na nyaya zenye hospitali na zimamoto hazikatwi, kwa hiyo ukishatoa hizo, hakuna cha kuzungusha. Aliye kwenye waya wa hospitali anaota joto, asiye kwenye waya huo avumilie. Hilo nalo nilishalijua tangu nyumbani. Kwetu ukitafuta chumba cha kupanga unauliza kwanza kama mtaa una kiongozi, halafu ndiyo unauliza choo. Kilichoniuma ni kwamba nimelipa nauli ya ndege kwenda kulikuta huko. Katikati ya Dallas maghorofa ya ofisi, yasiyo na mtu ndani, yaliwaka usiku kucha.

Sasa ngoja niwaeleze ujanja wa Texas, maana watu wa nyumbani wanadhani Marekani ina gridi moja ya taifa. Hapana. Kuna gridi ya mashariki, kuna ya magharibi, halafu kuna Texas, ambayo iliamua zamani kubaki na yake yenyewe ili serikali ya Washington isiingize pua. Mtu akiwa na nguvu zake ni vizuri. Tatizo linakuja siku ukiishiwa, jirani hana waya wa maana wa kukukopesha. El Paso ni Texas hiyo hiyo, ila imeungwa kwenye gridi ya magharibi, na wenzetu wale taa zao zilibaki zinawaka. Sisi tuliobaki na fahari yetu, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikawa gizani.

Na chanzo kilichekesha, kama usingekuwa na vidole vilivyokufa ganzi. Visima vya gesi viliganda. Mitambo ya gesi ikakosa gesi. Pampu za kusukuma gesi nazo zinaendeshwa kwa umeme, na baadhi zilikatiwa umeme katika huo huo mgao. Yaani gesi inasubiri umeme, umeme unasubiri gesi, mimi nawasubiri wote wawili nimevaa soksi mikononi. Wanasiasa wakakimbilia televisheni kulaumu mitambo ya upepo. Ni kweli na yenyewe iliganda, hata kinu kimoja cha nyuklia kilijizima kwa sababu bomba dogo la kipimo liliganda, lakini fungu kubwa lililopotea lilikuwa la gesi. Kwetu huwa wanalaumu kina cha maji. Kila nchi na mshitakiwa wake.

Baadaye ikaelezwa kwamba gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 izimike kabisa, na kwamba kuiwasha upya kungeweza kuchukua wiki, pengine miezi. Dakika 4 na sekunde 37! Mimi chooni tu nakaa zaidi ya hapo.

Jumanne uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth ulipimwa nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuonekana hapa kwa miaka 72. Na nyumba za Texas hazijui mambo hayo. Zimejengwa kupambana na joto. Mabomba ya maji yanapitishwa darini, huko juu upepo unakopuliza, kwa sababu fundi aliyejenga hakuota ndoto mbaya. Wenye hita za gesi walitamba kidogo, mpaka walipogundua kwamba feni inayosukuma joto inataka umeme. Sebuleni kwangu ukiongea unatoa moshi mdomoni. Mama watoto alitoboa hazina yake ya vitenge, akatundika kwenye kila mlango na dirisha, tukahamia chumba kimoja, kitanda kimoja, watu watano, na miguu ya mtoto wa mwisho ikatua tumboni kwangu ikakaa hapo mpaka asubuhi. Baridi ya miguu ya yule mtoto ingetosha kuhifadhi samaki.

Katikati ya usiku shemeji akapiga simu kutoka Houston. Yeye naye gizani. Ananiambia kwa furaha kabisa kwamba amepata suluhisho, anaingiza jiko la mkaa ndani.

Nilipiga ukelele mtaa mzima ukasikia. "Shemeji, usithubutu!"

"Mbona nyumbani tulikuwa tunapikia ndani?"

"Nyumbani ndani ipi? Jiko lenu lilikuwa na ukuta upande mmoja! Na hata kwetu wamekufa wangapi kwa kulala na jiko la mkaa chumbani? Litoe nje sasa hivi, na nikusikie unalitoa."

Akalitoa analalamika. Siku zile Houston watu walikuwa wanakimbizwa hospitali familia nzima nzima kwa moshi wa mkaa na wa magari yaliyowashwa ndani ya gereji. Jimbo lilipokuja kuhesabu, vifo vyote vya baridi ile vilifika 246. Shemeji mpaka leo anasema nilimfokea mbele ya mke wake. Na afurahi kwamba yupo wa kununa.

Turudi kwenye maji. Walianza kwa kutuambia tuache bomba lidondoke matone usiku kucha ili yasigande. Nyumba nzima ikadondosha. Mji mzima ukadondosha. Mabomba huku yanapasuka, mitambo ya kusukuma maji haina umeme, presha ikashuka, na matone yenyewe yakakoma. Kisha ukaja ujumbe rasmi kwenye simu: maji si salama, chemsheni kabla ya kunywa. Nikausoma mara ya pili. Chemsheni. Kwa moto gani? Kwa maombi? Jiko ni la umeme, birika ni la umeme, na maji yenyewe ya kuchemsha hayatoki. Mtu aliyeandika ujumbe ule alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye taa za Krismasi, nina hakika.

Hapo ndipo Marekani ilipoumbuka. Unaweza kupata kwenye nyumba ya Mmarekani mashine ya kumenya parachichi, lakini ndoo hana. Dumu hana. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kiteksasi, ana pikapu kubwa kuliko chumba changu cha kwanza Kariakoo, ana bendera, ana bunduki za kutosha kikosi, na alikuwa anachota theluji kwa bakuli la saladi ili amwagie chooni. Na theluji ni tapeli. Unajaza ndoo mpaka juu, unaiweka iyeyuke, ukirudi unakuta kopo moja la maji na kijiti.

Nyumbani kwangu kopo lilikuwepo, na ndoo mbili zenye vifuniko, mali ya mama watoto. Watoto wetu waliozaliwa huku walikuwa wanaliona aibu lile kopo la chooni. Rafiki zao wakija wanalisukuma nyuma ya pazia. Wiki ile kopo likapanda cheo. Binti yangu mkubwa alikuwa analibeba kwa mikono miwili akiliita "letu". Akaniomba nimfundishe kuoga kwa kopo moja na nusu, nikamwonyesha utaratibu: kichwa kwanza, sabuni kidogo, usijiachie, la mwisho la miguu. Akatoka analia meno yanagongana, lakini msafi.

Usiku hakuna intaneti, simu zimekata chaji, wakaniuliza sisi zamani umeme ukikatika tulikuwa tunafanya nini. Nikasema tulikuwa tunahadithiana. Nikajiweka sawa, nikakohoa, nikasema, "Paukwa!" Kimya. Nikarudia, "Paukwa!" Mdogo akajibu, "Sipo mimi, alikuwa dada."

Mzee jirani akagonga mlango Jumatano. Mlango wa gereji yake ni wa umeme, na hata kwa kuuvuta kwa mkono haukufunguka, ulikuwa umeganda chini, kwa hiyo pikapu iko ndani, yeye yuko nje. Tukauvuta wote wawili mpaka ukaachia. Kwa shukrani akatoa jiko lake la gesi la kuchomea nyama, tukaliweka uani kabisa, mbali na dirisha, nikasonga ugali juu ya theluji. Majirani wakakusanyika. Akaniuliza, "Huu ni unga wa nini?" Nikamwambia, "Mzee, kula kwanza, maswali baadaye." Akala na nyama yake ya ng'ombe, akanyamaza, akaongeza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mtu anayetafuta siri ya vita: "Ninyi kwenu umeme ukikatika mnafanyaje?" Nikamtazama. Miaka yote nimekaa jirani yake, mara ya kwanza ananiuliza habari za kwetu, na ameuliza hilo.

Nikampa semina. Maji unayachota yakiwa bado yanatoka. Simu unaichaji kwenye gari, gari likiwa nje. Mshumaa hausimamishwi karibu na pazia. Friji ikizima usiifungue fungue, ingawa kwa hali ile nje ndiko kulikuwa friji, na nyama zetu zote zilikuwa zimelala kwenye theluji zimewekewa jiwe juu kwa ajili ya mapaka. Akawa anatikisa kichwa kwa heshima. Sijawahi kuheshimiwa hivyo tangu niingie nchi hii, na ni kwa sababu ya shida nilizozikimbia.

Wakati huo seneta wetu mmoja alikuwa amepanda ndege na familia yake kwenda Cancún, ufukweni, kwenye joto. Watu wakampiga picha uwanjani, akarudi kesho yake. Watu walikasirika sana. Mimi hasira yangu ilikuwa ndogo: angalau yeye ndiye Mteksasi pekee aliyefanya nilichotaka kufanya. Kule South Padre Island kasa wa baharini walizimia kwa baridi, wananchi wakawabeba kwa maelfu kwenye magari yao wakawalaza kwenye ukumbi wa mikutano, mgongo kwa mgongo. Nikamwonyesha mama watoto picha. Nikasema, "Tazama, kasa ana wa kumbeba." Akanijibu, "Na wewe ungekuwa mpole kama kasa, wangekubeba."

Msimamizi naye hakukata tamaa. "Ghala limefunguliwa, tunakusubiri." Nikamtumia picha ya gari langu. Akajibu, "Liko wapi gari?" Nikasema ndilo hilo jeupe. Kimya mpaka Ijumaa.

Umeme uliporudi ulirudi bila salamu, saa tisa usiku, taa zote, televisheni, mashine ya kufulia, vyote vikapiga kelele pamoja. Tukaamka tukashangilia, nami nikapiga ile ya nyumbani, "Umerudiiii!" na kutoka nyumba ya nne nikasikia familia ya Bukavu ikiitikia. Theluji ikayeyuka, na wiki iliyofuata watu walikuwa wanatembea na kaptula, joto zaidi ya nyuzi 20, bila aibu yoyote.

Zikaja bili. Katika siku zile bei ya jumla ya umeme ilipandishwa hadi dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti moja, na kulikuwa na watu waliojiunga na mpango wa kulipa kwa bei ya soko ya saa hiyo, mpango ambao siku za kawaida ulikuwa nafuu. Mteja mmoja alikuta amedaiwa zaidi ya dola 16,000. Sasa fikiri vizuri nani alidaiwa: aliyekuwa na umeme! Mimi wa gizani sikuwa na cha kudaiwa. Ng'ambo ya barabara jamaa wa taa za Krismasi alikuwa kwenye mpango huo huo. Jumamosi nikamwona juu ya ngazi anazishusha moja moja, tena kwa hasira. Nikampungia mkono. Hakuniona, au alijifanya.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu barafu ikiyeyuka ndipo bomba linapokiri. Maji yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka kimya kimya, barafu yenyewe ndiyo inayoziba ufa. Joto likirudi ufa unafunguka. Nilikuwa nakunywa chai ya kwanza ya moto nilipoona dari ya sebule inafanya tumbo. Nikasema, mama watoto, dari ina mimba. Hajageuka bado, ikajifungua. Maji, sufi ya darini, makaratasi ya mtu aliyeishi hapo kabla yetu, vyote juu ya kochi ambalo sijamaliza kulilipia. Siku tatu nzima nimeyatafuta maji, yameamua kuja yote mara moja, kwa darini halafu kwenye kochi.

Fundi bomba? Nani anampata? Waliokuwepo walikuwa na orodha ndefu mpaka jimbo likaruhusu mafundi wa majimbo mengine waje kufanya kazi. Mwenye nyumba akaniambia nipo kwenye foleni, akaniambia hivyo kwa wiki kadhaa, huku kodi yake haikukaa foleni hata siku moja. Tulikula tukitazama vyuma vya darini. Mvua ikinyesha tunajua mapema kuliko redio.

Hatimaye akaja fundi, kijana mrefu, amevaa fulana ya mikono mifupi, gari lake lina namba za Ohio. Akapanda ngazi, akamulika tochi, akacheka. Akasema kwao Ohio theluji hii ni ya watoto kuchezea, wao nyuzi hizo wanaenda kazini na koti halijafungwa vifungo, haelewi watu wa Texas walikuwa wanalia nini.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe shika bomba. Ohio utanisimulia ukimaliza."

Mama watoto alikuwa amesimama chini ya ngazi ameshikilia ndoo.